Kadi za Sikukuu: Salamu Zifike, Taka Zisibaki

Kila mwaka kuanzia mwezi wa Oktoba, maduka ya vitabu na vibanda vya kando ya barabara mjini Kisii, Nyamira, Keroka na Ogembo huanza kuning'iniza kadi kwenye kamba. Za kwanza ni za kuwatakia watahiniwa mafanikio. Hizo zikipungua, zinafuata za Krismasi na Mwaka Mpya, na katikati yake zipo za harusi na za kuwapongeza wavulana waliopashwa tohara wakati wa likizo ndefu. Ni desturi njema. Mtoto anayeketi kufanya mtihani hufarijika akijua kwamba shangazi yake wa Nairobi anamkumbuka, na nyanya aliye Borabu hufurahi kuona jina lake limeandikwa kwa mkono wa mjukuu.

Tatizo huja Januari. Kadi imesomwa, imewekwa juu ya kabati kwa wiki mbili, kisha imetolewa wakati wa kufagia. Hapo ndipo mwenye nyumba anapogundua kwamba hana mahali pa kuipeleka. Haiozi kwenye shimo la mbolea, haifai kuwashia moto, na ikitupwa mtaroni mvua ya kwanza huibeba hadi mtoni. Makala haya yanaeleza kwa nini kadi nyingi za dukani ni taka ngumu kuliko zinavyoonekana, ni ipi hatari yake kwa watoto, na ni njia gani tunaweza kutumia kupeleka salamu zile zile bila kuacha mzigo shambani.

Kadi imetengenezwa kwa nini?

Kadi za Krismasi za biashara zilianzia London mwaka 1843, pale Henry Cole alipomwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi ya kutuma kwa marafiki. Ilikuwa karatasi iliyochapishwa tu. Karatasi ya namna hiyo ikitupwa kwenye mboji huoza pamoja na majani na maganda.

Kadi nyingi za leo si karatasi tupu. Juu ya karatasi hubandikwa utando mwembamba wa plastiki ili picha ing'ae. Herufi za dhahabu au fedha hupigwa kwa karatasi ya metali. Chengachenga zinazometameta, zile zinazobaki kwenye vidole na kwenye nguo, kwa kawaida ni vipande vidogo sana vya plastiki. Kadi yenyewe huuzwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani. Na ile inayoimba inapofunguliwa ina kipaza sauti kidogo, nyaya na betri bapa kama kifungo cha shati.

Vitu hivi vikishaunganishwa, ni vigumu kuvitenganisha. Kiwanda cha kusaga karatasi chakavu hakiitaki kadi yenye utando wa plastiki na chengachenga kwa sababu huchafua uji wa karatasi. Kwa hivyo hata mwananchi mwenye nia njema ya kuuza karatasi kuukuu atarudishiwa kadi hizo.

Upo mtihani rahisi wa kufanya dukani au nyumbani. Chukua kadi kuukuu, ikunje kwa nguvu ndani ya kiganja, kisha fungua mkono. Ikibaki imekunjamana, huenda ni karatasi. Ikijikunjua yenyewe, ina plastiki. Kisha ichane pembeni. Ukiona ngozi nyembamba inayovutika bila kukatika, huo ni utando. Na ukiipangusa kwa kidole kikang'aa, hizo ni chengachenga za plastiki.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi zaidi

Kulingana na sensa ya mwaka 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Kisii ilikuwa na watu 957 kwa kila kilomita mraba. Maana ya hesabu hiyo kila mkulima anaijua: hatuna ardhi ya ziada. Hakuna bonde tupu lisilo na mwenyewe ambako taka inaweza kutupwa na kusahaulika. Takriban kila kipande cha plastiki kinachotupwa hapa huangukia kwenye shamba la mtu, kwenye chemchemi ya mtu, au kwenye malisho ya ng'ombe wa mtu.

Fikiria hesabu hii ya mfano. Kama mtu mmoja tu kati ya kila kumi katika kaunti zetu mbili angenunua kadi moja msimu huu, hizo zingekuwa zaidi ya kadi 187,000, na kila moja ina bahasha yake na pengine mfuko wake wa plastiki.

Mvua nayo haitusaidii. Nchi yetu ni ya milima na miteremko, na mvua zetu ni nyingi. Kinachotupwa juu kwenye kituo cha soko hushuka hadi mtoni. Mto Nyakomisaro unaopita mjini Kisii hupokea uchafu wa mitaro ya mji. Maji ya mito ya Gucha na Sondu humalizikia Ziwa Victoria, baada ya kupita kwenye mashamba na boma za watu wanaoyateka kwa matumizi ya nyumbani.

Wengi wetu huamua kuchoma. Moshi wa karatasi yenye plastiki, rangi na metali una sumu, na mara nyingi moto huwashwa nyuma ya jikoni ambako watoto wanacheza. Majivu yake nayo huishia kwenye sukuma wiki.

Hatari ya kadi inayoimba

Hili tunaomba kila mzazi alisome mara mbili. Betri bapa iliyo ndani ya kadi inayoimba ni ndogo kiasi cha kumezwa na mtoto au kusukumwa puani au sikioni. Ikikwama kooni, umeme wake hukutana na mate na kuanza kuunguza nyama ya koo. Betri kubwa za lithiamu, zinazokaribia upana wa sarafu, ndizo hatari zaidi, na zinaweza kusababisha jeraha kubwa ndani ya saa mbili. Betri iliyoishiwa nguvu hata kadi haiimbi tena bado inaweza kuunguza.

Dalili zinaweza kufanana na za homa au mafua: mtoto anatokwa na mate, anakohoa, anakataa kula, anashika shingo au kifua. Ukishuku kwamba mtoto amemeza betri, usingoje dalili. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji isipokuwa daktari akuelekeze. Mpeleke mara moja hospitali yenye mashine ya eksirei, na ukiweza chukua kadi yenyewe ili daktari aone betri ni ya aina gani. Ikiwa betri iko puani au sikioni, usijaribu kuichokoa.

Kama nyumbani kuna kadi za namna hiyo, usimpe mtoto mdogo azichezee. Kadi ikishakwisha kazi, mtu mzima aifungue, atoe betri, aizungushie gundi ya utepe pande zote mbili na kuiweka kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto. Betri hizo zisitupwe chooni, zisichomwe, wala zisichanganywe na mbolea. Zipeleke mahali panapokusanywa vifaa vya umeme vilivyoharibika.

Njia tano za kupeleka salamu

*1. Kadi ya magome ya mgomba*

Katika kaunti zetu hakuna asiyejua mgomba. Kila shina huzaa mkungu mmoja tu, kisha hukatwa ili machipukizi yapate nafasi. Magome makavu yanayobaki yana rangi nyingi za asili, kuanzia njano ya asali hadi kahawia iliyokolea, na mafundi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiyatumia kwa miaka mingi kutengeneza picha na kadi za kuuzia watalii. Hakuna sababu tusizitumie sisi wenyewe.

Chagua magome yaliyokaukia kwenye shina, yasiyo na ukungu. Yapanguse kwa kitambaa chenye unyevu, yanyooshe, kisha yaweke chini ya vitabu vizito usiku kucha. Kata maumbo unayotaka: nyumba, mti, ng'ombe, mama aliyebeba kikapu. Yabandike juu ya karatasi ngumu kwa gundi ya unga wa ngano, yaani uji mzito uliopikwa na kupoa. Boksi safi la sukari au la majani ya chai, likigeuzwa upande usio na maandishi, linatosha kuwa kadi. Ikishakwisha kazi, kadi hii huoza kwenye mboji kama jani lolote.

*2. Kadi inayopandwa*

Hii huwafurahisha watoto, na inatumia daftari za mwaka uliopita.

Kwanza, chana karatasi za daftari vipande vidogo, ukiondoa pini na jalada lenye plastiki. Ziloweke usiku kucha.

Pili, zitwange kwenye kinu au uzisugue kwa mikono hadi ziwe uji laini.

Tatu, tengeneza fremu ya mbao na uitandaze wavu wa kuzuia mbu. Chovya fremu kwenye beseni lenye uji huo na maji, inua polepole, na uache maji yachuruzike.

Nne, nyunyiza mbegu juu ya karatasi ikiwa bado mbichi na uzikandamize kidogo. Usizitwange pamoja na karatasi, maana zitavunjika.

Tano, pindua karatasi juu ya kitambaa, kamua maji kwa sifongo, na uianike mahali penye upepo siku hiyo hiyo. Ikichelewa kukauka, mbegu zitaanza kuota. Usiipige pasi, kwa kuwa joto huua mbegu.

Mbegu zinazofaa ni ndogo na nyembamba, na hapa tuna bahati, kwa sababu mboga zetu za kienyeji zina mbegu za namna hiyo. Chinsaga, managu na mchicha zote zinafaa. Tumia mbegu kavu zilizohifadhiwa. Mbegu ya chinsaga iliyovunwa juzi huota kwa shida, na huota vizuri zaidi ikikaa miezi kadhaa baada ya kuvunwa. Andika nyuma ya kadi: «Ichane, ifukie juu juu, imwagilie maji.» Anayepokea atakula salamu zako mwezi wa Februari au Machi.

*3. Mche badala ya kadi*

Serikali ya kitaifa ilianzisha Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Msimu wa sikukuu ni nafasi nzuri ya kuchangia, kwa sababu watu wengi huwa wamerudi nyumbani na wana nguvu ya kuchimba mashimo. Mche wa parachichi, wa mpera au wa mti wa kienyeji kama omotembe, ukifungiwa kipande cha boksi chenye jina la mpokeaji, ni salamu itakayokuwa ikikua kila mwaka.

Mambo matatu ya kuzingatia. Nunua mche kwenye kitalu cha karibu ili uwe umezoea hali ya hewa yetu. Usimpe mtu mkaratusi wa kupanda karibu na chemchemi au kingo za mto, kwa sababu hunywa maji mengi na tayari umetuletea shida kwenye vyanzo vyetu. Na mfuko wa plastiki wa mche urudishwe kitaluni, usiachwe shambani.

*4. Jiwe la Tabaka*

Jiwe laini la Tabaka, katika Mugirango Kusini, limeitangaza Kisii duniani kote. Wachongaji huacha vipande vidogo vingi ambavyo havitoshi kutengeneza chombo kikubwa. Kipande kama hicho kinaweza kuchongwa umbo la moyo, samaki au kikombe kidogo, na jina la mpokeaji kuchorwa juu yake. Hakiozi, lakini pia hakitupwi. Mtu hukiweka dirishani miaka mingi. Mwenye kutaka kujaribu kuchonga nyumbani akumbuke kulilowesha jiwe, kama wafanyavyo mafundi, ili vumbi lisiingie kifuani.

*5. Sauti, simu na redio*

Kabla ya simu za mkononi kuenea, Wakenya wengi walipeleka salamu kwa redio. Kulikuwa na kadi za salamu ambazo mtu alijaza majina ya jamaa na marafiki, akazituma kituoni, naye mtangazaji akazisoma hewani. Watu wengi walisalimiwa kwa kipande kimoja cha karatasi. Vipindi vya salamu bado vipo, vikiwemo vya lugha ya Ekegusii, na leo mtu hutuma ujumbe mfupi tu.

Simu nayo inafaa, lakini itumike kama salamu. Video moja ndefu inayosambazwa kwa watu mia mbili haina jina la mtu yeyote, na humaliza bando la anayeipokea. Ujumbe wa sauti wa nusu dakika, unaoanza kwa «Bwakire buya, Mama» na kumtaja mhusika kwa jina, una uzito zaidi na hautumii data nyingi. Kwa mzee asiye na simu ya kuonyesha picha, mpigie. Na kama uko karibu, nenda umwone. Mgeni anayefika na majani ya chai na kilo ya sukari kwenye kikapu cha kufuma hajawahi kuulizwa kadi iko wapi.

Kwa wazazi na shule

Mtihani wa KCPE ulifanyika mara ya mwisho mwaka 2023, lakini watahiniwa bado tunao kila mwaka: wa KPSEA, wa KJSEA na wa KCSE. Mtoto mmoja anaweza kupokea kadi kumi, na mwenzake wa dawati moja asipate hata moja. Hilo nalo ni jambo la kufikiria, kwa sababu anayekosa huingia kwenye chumba cha mtihani akijiona hana mtu.

Shule inaweza kutandaza boksi moja kubwa ukutani, kila mzazi, mwalimu na mwanafunzi wa madarasa ya chini akaandika maneno ya heri kwa darasa zima. Kila mtahiniwa akapata jina lake pale. Fedha ambazo mzazi angetumia kwa kadi inayoimba zinaweza kununua kalamu mbili, penseli, kifutio na rula, vitu ambavyo mtoto atavihitaji asubuhi ya mtihani.

Kwa wenye maduka na vikundi

Hatusemi muuza kadi afunge duka. Msimu huu ni wa riziki kwa wengi. Tunachosema ni kwamba mnunuzi akianza kuuliza kadi isiyo na plastiki, mwenye duka mwerevu atakuwa nayo. Kadi ya karatasi tupu, isiyo na utando wala mfuko, huchukua nafasi ndogo na haiharibiki ikibaki hadi mwaka ujao. Vikundi vya akina mama na vijana vinavyotengeneza kadi za mgomba au za karatasi ya mkono vipeleke sampuli madukani mwezi wa Septemba, kabla wenye maduka hawajanunua bidhaa zao Nairobi. Anayengoja Desemba atakuta kamba zimejaa.

Kadi ulizo nazo tayari

Usizitupe zote kwa pamoja. Kata picha za mbele uzitumie kama vibandiko vya zawadi mwaka ujao. Upande mweupe unafaa kwa orodha ya soko au kwa mtoto kujifunzia hesabu. Bahasha safi hutumika tena kwa kubandika kipande cha karatasi juu ya jina la kwanza. Kadi ya karatasi tupu ichanwe na kuingia kwenye mboji. Yenye plastiki na chengachenga iwekwe kwenye chombo cha taka zisizooza.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ratiba ya Nne inazipa serikali za kaunti jukumu la uzoaji na utupaji wa taka. Tangu tarehe 28 Agosti 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka kila anayezalisha taka azitenganishe, zinazooza mbali na zisizooza. Hii ina maana kwamba kazi huanzia nyumbani. Gari la taka haliwezi kutenganisha kilichochanganywa tayari jikoni. Kwa maswali kuhusu ukusanyaji wa taka mtaani kwako, fika ofisi ya msimamizi wa wadi yako.

Sikukuu hizi, kabla ya kutoa pesa mfukoni, jiulize swali moja: kadi hii itakuwa wapi mwezi wa Januari? Kama jibu ni mbojini, kitaluni, dirishani au kwenye sufuria ya chinsaga, inunue au itengeneze. Kama jibu ni mtaroni, mrudishie muuzaji na umwulize kama ana nyingine.

Tunawatakia wakazi wote wa Kisii na Nyamira sikukuu njema na mwaka mpya wenye heri.